Kliniki ya mifugo yenye geti la bluu: nyota nne, na Simba anakula

Kabla hamjauliza: jina la kliniki silitaji. Daktari alikuwa ameshafunga, akafungua kwa ajili yangu, na nikiweka jina na namba yake hapa, kesho atapigiwa saa nane za usiku na mtu ambaye mbwa wake ana viroboto. Wa mtaani kwetu mtaijua kwa geti la bluu na mbuzi wawili wanaofungwa pale nje.

Kazi yangu ni kuoka keki za oda, nyumbani. Ijumaa ile nilikuwa na keki ya sendofu, ngazi tatu, juu inamwagiwa chokoleti. Si hii ya watoto ya maziwa, ni ile nyeusi ya kupikia, bapa la gramu 200. Nilishakata robo yake nikaiyeyusha, lililobaki nikaliacha juu ya stuli nikatoka getini kupokea mayai. Kijana wa mayai ni muongeaji. Kurudi, karatasi iko sakafuni imelambwa mpaka inang'aa, na mbwa wangu Simba amejilaza pembeni kama mzee aliyetoka kwenye pilau.

Niseme ukweli, nilichokiwaza ni keki. Nilimchapa ndala moja, nikampigia shangazi wa bi harusi kumwambia mzigo utachelewa, nikamweleza kisa nikisubiri kutukanwa. Yule mama akaniuliza, "Mbwa wako ana kilo ngapi?" Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema achana na keki, mkimbize huyo mbwa kwa daktari sasa hivi, wao walishampoteza mmoja kwa sababu hiyo hiyo.

Jirani yangu, mama mwenye roho nzuri kuliko wote pale uani, alishakuja na kikombe cha maziwa, maana kwetu sumu ya aina yoyote dawa yake maziwa. Mwingine akasema maji ya chumvi ili atapike. Nashukuru sikumpa chochote: daktari alikuja kuniambia maziwa hayasaidii kitu hapo, na chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua mbwa.

Bajaji ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali kwa masharti: nitandike gunia na nilipe mara mbili. Haki yake, sina neno.

Sasa huduma. Swali la kwanza la daktari, hata salamu haijaisha: "Karatasi ya chokoleti umekuja nayo?" Sikuwa nayo. Mwanangu akaipiga picha nyumbani akanitumia. La pili: amekula saa ngapi? La tatu: uzito. Mizani ya mbwa hawana, wana ile ya kusimama mtu, kwa hiyo nilipanda nimembeba Simba, kisha nikapanda peke yangu, akatoa. Simba kilo 16. Uzito wangu nao ukaandikwa kwenye kadi ya mbwa, na mpaka leo upo pale, kila mtu anaweza kuusoma.

Halafu akachukua kalamu, na hapa ndipo aliponipata. Kwenye kakao kuna kitu kinaitwa theobromini. Sisi watu tunakitoa mwilini haraka, mbwa hawezi: nusu tu ya alichokula inaweza kumchukua saa 17 kutoka, kwa hiyo kinamrundikia. Chokoleti nyeusi kama ile yangu, gramu moja ina kama miligramu 5. Simba alikula gramu 150, jumla 750. Gawa kwa kilo 16, unapata karibu 47 kwa kila kilo. Kuanzia 20 mbwa anatapika, anaharisha, hatulii. Kwenye 40 hadi 50 moyo unaanza kwenda ovyo. Ukifika 60, degedege. "Angekula ya maziwa kiasi hicho hicho," akasema, "ningekwambia usubiri tu tumbo limsumbue. Angekula kakao ya unga, tusingekuwa tunaongea kwa utulivu huu." Ya unga gramu moja inaweza kupita miligramu 20. Mimi ninayo ndoo nzima ya unga huo kutoka Kyela chini ya meza, haina hata mfuniko wa kueleweka. Ilikuwa haina, niseme.

Sindano ya kutapisha ilifanya kazi ndani ya dakika chache. Sitaeleza kilichotoka, ila harufu yake ilikuwa ya jikoni kwangu kabisa, na kwa siku tatu sikuweza kuonja chokoleti. Baada ya hapo mkaa wa dawa, ule mweusi tii, akanyweshwa kwa bomba la sindano. Khanga yangu imekufa. Kisha dripu. Mapigo ya moyo alipoyahesabu mara ya kwanza yalikuwa 180 kwa dakika, na Simba alikuwa anahema na kuzunguka meza asijue anataka nini. Mpaka saa saba usiku yalishuka.

Kasoro ya kwanza ni hapo: hawalazi. Dalili zinaweza kwenda mpaka siku ya tatu, lakini saa saba usiku unakabidhiwa mbwa wako na kipimo cha pili cha mkaa, urudi asubuhi. Tena kwa agizo ambalo nilidhani ni utani: nimtoe akojoe kila baada ya saa mbili, kwa sababu sumu ile ikikaa kwenye kibofu inanyonywa ikarudi tena kwenye damu. Basi nikatembea na mbwa mtaani saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Walinzi shirikishi walinisimamisha mara mbili. Nikawaambia mbwa amekula chokoleti, wakatazamana.

Kasoro ya pili ni bei. Hakuna bei ukutani, unaambiwa mwisho. Nililipa shilingi 165,000 usiku na 20,000 asubuhi, kwa lipa namba, na risiti niliidai mara tatu. Sisemi ni ghali, mtu alikesha na mbwa wangu. Nasema ningependa kujua mapema, maana kuna ambaye angefika pale na elfu hamsini, akaona aibu kuuliza.

Choo cha wateja sitakizungumzia.

Lakini daktari alipiga simu mwenyewe Jumamosi mchana na Jumapili, akauliza kama Simba anakula, na kama tumbo linauma akiguswa, kwa sababu mafuta ya chokoleti nayo yanaweza kuvimbisha kongosho siku zinazofuata. Halikuuma. Mkienda, nendeni na karatasi ya alichokula na mjue saa aliyokula.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka wabandike bei. Keki ilifika ukumbini Jumamosi saa sita, imepakwa krimu nyeupe badala ya chokoleti, na shangazi wa bi harusi alipoipokea aliuliza kwanza habari za mbwa.