Flashi ya Pete Postlethwaite, kutoka kibanda cha Msamvu

Vibanda vya kuweka muvi kwenye flashi hapa Morogoro havihesabiki, na karibu vyote vimepanga folda zao kwa namna moja: za Kihindi, za Kikorea, za vita, za Bongo, zilizotafsiriwa. Taja steringi, unapewa, unaondoka. Hiki ninachokisimulia kiko ng'ambo ya stendi ya Msamvu, kimebanwa kati ya fundi simu na muuza chipsi. Hakina bango. Nilikipelekea jina la Pete Postlethwaite, mwigizaji wa Kiingereza ambaye usteringi haukuwa kazi yake, nione kitafanya nini.

Jina nililiandika kwenye karatasi, maana kulitamka mbele za watu ni kujitafutia aibu. Kijana alilisoma, akakunja uso.

"Shikamoo mwalimu. Huyu kacheza muvi gani?"

"Marahaba. Wakili wa The Usual Suspects. Kobayashi."

"Aaah! Yule mzee wa mashavu! Si ungesema hivyo?"

Akaanza kufukua kwenye kompyuta yake, na hapo ndipo ninapompa sifa zote. Majina hayajui, lakini sura haimpotei. Kwa sura tu akamtoa mwindaji wa dinosaria katika The Lost World, padri mwenye msalaba mgongoni katika Romeo ya Leonardo DiCaprio, tajiri anayekata roho kitandani katika Inception, na muuza maua wa The Town. Alikuwa amewaona wote, ila hakuwahi kujua kwamba ni mtu mmoja. Akabaki anaangalia kioo, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulalamika kwamba gari lake linaondoka.

Kwa asiyemjua: Postlethwaite alizaliwa Warrington, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1946. Alikuwa mwalimu kabla ya kwenda Bristol kusomea uigizaji, na nakiri jambo hilo linanipendeza kwa sababu za kazi yangu. Aliiva kwenye jukwaa la Everyman mjini Liverpool miaka ya 1970, pamoja na akina Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce. Sinema ilimpokea kwa mlango wa uani. Katika The Duellists ya 1977 ndiye anayemnyoa jenerali ndevu, basi. Geuka kumjibu mtoto, keshapita. Kijana anayo hiyo pia, na kopi yake ni safi kuliko zote.

Sasa lawama. Kopi ya kwanza ya The Usual Suspects aliyonipa ilikuwa imetafsiriwa. Sina ugomvi na watafsiri wetu. Muvi ya ngumi bila mtafsiri mimi mwenyewe naiona imepooza. Lakini Kobayashi ni sauti. Ana jina la Kijapani, uso wa Mwingereza, na lafudhi ambayo huwezi kuipeleka nchi yoyote ukaambiwa ni ya kwao, na wasiwasi wote unaoupata ukimtazama unatoka humo. Anawatisha majambazi kwa upole, kama karani anayekukumbusha ada. Mtafsiri alipoingia juu yake, nikasikia dalali wa viwanja wa Kimara. Nilirudi nikabadilishiwa bila kulipa tena na bila maneno. Kwa hiyo ukienda, sema mapema kwamba unataka isiyotafsiriwa, la sivyo anakupa anayodhani utaipenda.

Iliyonifanya nimtafute mzee huyu ni In the Name of the Father ya 1993. Anamcheza Giuseppe Conlon wa Belfast, baba aliyefunga safari kwenda London kumsaidia mwanawe aliyesingiziwa bomu la Guildford, Uingereza, la 1974. Naye akakamatwa, akafungwa, akafia mikononi mwa magereza mwaka 1980 bila kosa lolote. Filamu imewaweka baba na mwana selo moja, jambo ambalo halikutokea, na wapo wanaoichukia kwa hilo. Mimi naisamehe. Daniel Day-Lewis, anayemcheza mwana, anapiga kelele, anatukana, anahangaika huku na huko. Postlethwaite anakohoa, anasali, anaandika barua. Mtazame mwanawe anapomkaripia: hajibu, ila uso unaondoka kidogo, kisha unarudi. Akifa, wafungwa wanadondosha karatasi zinazowaka moto kutoka madirishani, usiku, na huna haja ya kuelezwa alikuwa mtu wa namna gani humo ndani. Wanafunzi wangu wa klabu ya maigizo huwa wanataka kulia kwa sauti ili waonekane wameigiza. Hii nawaonyesha kila mwaka. Oscar ya mwigizaji msaidizi alitajwa tu, hakupewa.

Brassed Off ya 1996 anayo, lakini maandishi ya chini hayaendi na sauti: yanatangulia, unajua mzaha kabla haujasemwa. Hata hivyo chukua. Humo anaongoza bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe wa Yorkshire, mgodi unakaribia kufungwa, na kifua chake kimejaa vumbi. Muziki umepigwa na bendi ya kweli ya wachimbaji, ile ya Grimethorpe. Kuna pahala wenzake wanasimama nje ya hospitali usiku, taa za kofia zimewashwa, wanampigia. Usijaribu kuisikiliza kwa spika ya kibandani.

The Lost World nilichukua kwa sababu ya jina la mwindaji wake, Roland Tembo, na familia nzima ilicheka. Kipande cha kumtambulisha, kinachotokea kwenye baa ya Mombasa, kilikatwa, na kopi ya kijana haina vipande vilivyokatwa. Mwaka huohuo wa 1997 Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu hiyo, alimpa pia nafasi katika Amistad, na akasema huyu ndiye mwigizaji bora duniani. Postlethwaite akajibu kwamba bila shaka Spielberg alisema, "Tatizo la Pete ni kwamba anajiona mwigizaji bora duniani."

Afrika Mashariki yenyewe aliifikia na The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kenya, Kibera na Loiyangalani miongoni mwa sehemu nyingine. Anatokea mwishoni tu, daktari aliyejificha Sudan na dhambi zake za dawa. Kijana alikuwa ameiweka kwenye folda ya mapenzi. Si kosa kubwa.

Kwenye The Town kopi yake imekatika kabla ya mwisho, na hapo sikuridhika, kwa sababu ndiyo iliyotoka miezi michache kabla mzee hajafariki Januari 2011. Bahati nzuri kipande chenyewe kimo: amesimama dukani anasafisha miiba ya waridi kwa kisu, huku akimweleza Ben Affleck alichowafanyia wazazi wake. Mkono hautetemeki, waridi linaendelea kusafishwa. Waingereza walimtaja kwenye tuzo zao za BAFTA akiwa keshafariki.

Upungufu mkubwa wa flashi hii si wa kumlaumu kijana. Mwaka 2008 Postlethwaite alirudi Everyman akacheza King Lear, akiwa na miaka 62, kisha onyesho likahamia ukumbi wa Young Vic, London. Nusu ya maisha ya mtu huyu yalikuwa jukwaani, na jukwaa likizimwa limezimwa. Kijana aliniuliza kama hiyo nayo ni muvi. Nikamwambia hapana, ni mchezo wa kuigiza, mfalme anawagawia mabinti mali akiwa hai. Akasema huyo mfalme hakuwa na wazee wa kumshauri.

Najua kopi hizi si halali. Duka la DVD halisi Morogoro mimi silijui, na anayelijua aniambie, nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Distant Voices, Still Lives ya 1988, ambamo anacheza baba mkali wa Liverpool, hana, ila ameniandikia kwenye daftari na kusema nipite mwisho wa mwezi. Flashi njoo nayo ikiwa tupu. Akiikuta imejaa picha za harusi anakurudisha. Bei ni shilingi 500 kwa muvi, lakini uliza kabla hajaanza kunakili: inayozidi saa mbili anaihesabu mbili. Giuseppe Conlon kanigharimu 1,000.