Skrubu ndogo katika taya la binti yangu: uzoefu wangu wa miezi 22

Binti yangu alipofikisha miaka 14, meno yake ya juu yalikuwa yametokeza mbele kiasi kwamba midomo haikufumba bila kujilazimisha. Daktari wa kupanga meno alipopima alikuta milimita 8 kati ya meno ya juu na ya chini. Alishauri ang'olewe magego madogo mawili ya juu, ili meno ya mbele yarudishwe kwenye nafasi hiyo. Alitueleza kwamba ukiyavuta ya mbele kwa kutegemea magego ya nyuma, hayo nayo husogea na kuila nafasi, ndiyo maana alitaka mvuto wote uegemee skrubu mbili za titani zilizokazwa kwenye mfupa. Njia mbadala ilikuwa kifaa cha kuvaa kichwani saa nyingi kila siku, ambacho mwenyewe alikikataa kabla daktari hajamaliza kukieleza.

Kila skrubu ilikuwa na urefu wa milimita 8, nyembamba kuliko njiti ya kibiriti. Alichomwa ganzi kidogo, na baada ya dakika chache kila upande kazi ikawa imekwisha. Anasema alihisi kubanwa tu, na kwamba kung'olewa magego kulimuuma zaidi. Springi ndogo ilinasishwa kutoka kwenye skrubu hadi kwenye waya, na uvutaji ukaanza siku hiyohiyo.

Wiki ya sita skrubu ya kushoto ilianza kucheza alipoigusa kwa ulimi, na fizi iliyoizunguka ilikuwa nyekundu, mabaki ya chakula yakiwa yamenasa pembeni. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba skrubu hizi haziungani na mfupa bali hushikiliwa kwa kukazwa tu, na kwamba kwa vijana, ambao mfupa wao bado laini, kulegea si jambo la ajabu. Sikulalamikia kulegea. Nililalamikia kutoambiwa mapema, na kutozwa upya kwa skrubu mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyolegea bila karatasi niliyotia saini kutaja lolote. Ile mpya iliwekwa juu kidogo, naye akaanza kusafisha sehemu hiyo kwa brashi laini kila baada ya mlo, haikulegea tena.

Zilipokwisha kazi zilifunguliwa bila ganzi, na vitundu vikajifunga ndani ya siku chache. Pengo sasa ni milimita 3. Bado anavaa kifaa cha kuzuia meno yasirudi, lakini usiku nikipita chumbani kwake namkuta amelala midomo imefumba.