Nimesoma makala ya Wikipedia kuhusu jengo la Monadnock la Chicago, huu ni uzoefu wangu kama fundi mwashi

Mimi ni fundi mwashi hapa Arusha, naishi Sakina, nilianza kama saidia fundi na sasa hivi nina vijana wanne nafanya nao kazi. Kusoma vitu virefu kwenye simu sijazoea kabisa. Ila kuna dogo anasoma ujenzi alikuja saiti kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo, siku hiyo tuko kwenye chai akaniambia fundi, Marekani kuna ghorofa 16 limebebwa na kuta za tofali, nikamwambia dogo hiyo haipo, ghorofa 16 bila nguzo na mikanda ya zege hata nondo zenyewe zingekataa. Jioni akanitumia linki WhatsApp.

Nimeisoma siku tatu. Ni ya Kiingereza na ni ndefu, kuna maneno ya kihandisi ilibidi nimpigie dogo anieleweshe, lakini kwakweli sijutii bando langu hata kidogo.

Jengo liko katikati ya mji wa Chicago, mtaa wa Jackson. Nusu ya kaskazini ilianza kujengwa 1891, wachoraji wa ramani ni kampuni ya Burnham na Root. Na hapo dogo alikosea kidogo, ndani kuna nguzo za chuma, ila kuta za nje ndo zinabeba mzigo zenyewe kuanzia chini mpaka juu. Sasa sikiliza upana wake: chini kabisa ukuta una futi 6, halafu unapungua kadiri unavyopanda mpaka juu unabaki inchi 18. Mimi ukuta wangu wa kila siku ni tofali la inchi 6! Inchi 6 na futi 6, nilirudia kusoma hiyo sehemu nikidhani nimechanganya, nikachukua futi kamba nikapima pale sebuleni mke wangu ananiuliza unapima nini usiku huu. Ni zaidi ya urefu wangu nikilala chini.

Kingine kilichonishika ni vile mwenye jengo hakutaka madoido. Matajiri wenyewe walikuwa ndugu wawili wa Boston, Peter na Shepherd Brooks, na Peter alikuwa anaona vile vitu vinavyochomoza ukutani vinakusanya uchafu na ndege tu. Root mwanzoni hakupenda, inasemekana alikuwa likizo Burnham akamwagiza mtu achore jengo lililonyooka bila pambo, Root aliporudi akabisha, baadae akalikubali akalishughulikia kwa moyo wote, ndo maana ukiangalia picha unaona ukuta umepanuka kidogo chini na umejikunja kidogo juu, basi, na umependeza. Kazi safi ya tofali haihitaji kufichwa na plasta, mimi huwa nawaambia wateja hivyo hawanielewi. Inauma kwamba Root alifariki Januari 1891 kwa nimonia ana miaka 41, hakuliona likisimama.

Nusu ya kusini ikaja kumaliziwa 1893 na kampuni nyingine, Holabird na Roche, na hao wakatumia fremu ya chuma. Yani jengo moja, upande huu ukuta unabeba, upande ule chuma kinabeba na ukuta umekuwa nguo tu. Miaka miwili hivi imepita katikati! Mimi nilifundishwa nguzo, mkanda, slabu, halafu tofali unajazia, sikuwahi kuambiwa kwanini tuliacha kubebesha ukuta, na hapa nimeelewa mwenyewe. Ukitaka kwenda juu zaidi kwa tofali, ukuta wa chini utakula ofisi zote.

Sasa sehemu ya msingi, hiyo naomba kila fundi aisome. Ardhi ya Chicago ni udongo wa mfinyanzi laini, kwahiyo walilaza msingi mpana wa zege na vyuma ili uzito usambae, na wakapiga hesabu kabisa kwamba jengo litazama inchi 8. Lenyewe likazama zaidi ya hapo, mpaka miaka ya 1940 lilikuwa limefika inchi 20 hivi na ukiingia kutoka barabarani unashuka ngazi. Nimewahi kujenga nyumba ya mtu kwenye udongo mweusi wa mbuga, mwenye nyumba alikataa tuchimbe zaidi kwasababu ya hela, mvua za masika zikapita na ufa ukatoka kwenye kona ya dirisha mpaka kwenye linta, ule mkanda wa juu ya dirisha. Nilivyosoma hizo inchi 20 nikaikumbuka ile kona. Wale walijua litazama wakajipanga, sisi tunafumba macho.

Jina lenyewe Monadnock ni la mlima, uko New Hampshire, na sehemu nyingine za jengo nazo zilipewa majina ya milima, Kearsarge, Katahdin, Wachusett. Hii ilinifurahisha sana maana hapa kwetu pale AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, sehemu zake nazo zina majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.

Nampa nani nyota ngapi? Makala nyota 4 kati ya 5. Habari za matajiri na wachoraji zimejaa, ukarabati wa 1938 na ule ulioanza baada ya kuuzwa 1979 umeelezwa vizuri, hata ngazi zake kwamba ndo mara ya kwanza alumini kutumika hivyo kwenye ujenzi. Nyota ya tano nimeibakisha kwasababu mimi nilitaka kuwaona mafundi. Ukuta wa futi 6 unapangwaje, wamesimama wangapi kwenye kozi moja, yani mstari mmoja wa tofali, udongo walikuwa wanauchanganyia wapi, tofali zilipandishwaje mpaka ghorofa ya 16. Zile kona za mviringo zilihitaji tofali za kufyatuliwa kwa fomu yake maalum, mtu akinionyesha hizo fomu zilikuwaje nitamshukuru, maana dogo na mimi tumeshaanza kuranda mbao tujaribu moja.