Checkbook NYC: hundi za jiji la New York mbele ya mlipa kodi

Tovuti ya Checkbook NYC, iliyoanzishwa mwaka 2010 na ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jiji la New York chini ya John Liu, humwezesha mtu yeyote, bila malipo wala kujisajili, kufuatilia fedha za jiji hilo kutoka bajeti hadi hundi. Ukichagua idara, utawaona wazabuni wake. Ukimchagua mzabuni, utauona mkataba, na chini yake kila malipo pamoja na tarehe na kiasi chake. Hapo ndipo ninapoipa sifa, kwa kuwa taarifa nyingi za serikali za miji humpa msomaji jumla tu, na ndani ya jumla mengi hufichika.

Mambo ya mwaka 1975 yanaonyesha kwa nini hilo ni muhimu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo jiji lilikuwa likiingiza matumizi ya kawaida katika bajeti ya miradi na kukopa kwa kutegemea mapato ambayo mengine hayakuwahi kukusanywa, hadi deni likafikia takriban dola bilioni 14, karibu bilioni 6 kati ya hizo zikiwa za muda mfupi, na soko likakataa kununua tena hati zake za mkopo. Jimbo la New York liliunda shirika la MAC la kulikopea jiji, kisha bodi ya dharura ya kudhibiti fedha zake, na bado tarehe 17 Oktoba jiji liliponea chupuchupu kushindwa kulipa madeni yake, pale mfuko wa pensheni wa walimu ulipokubali kununua hati fungani za MAC. Bajeti iliyosawazishwa kwa kanuni za uhasibu zinazokubalika ilipatikana mwaka 1981.

Kasoro zipo. Baadhi ya safu hazitaji jina la mlipwaji kwa sababu za faragha au usalama, na mkataba uliolipwa wote hauelezi kama kazi yenyewe ilifanyika vizuri; kwa hilo bado utahitaji ripoti za ukaguzi.

Msimbo wa tovuti umeachwa wazi tangu mwaka 2013, hivyo jiji jingine linaweza kuuchukua, mradi tu malipo ya idara zake zote yawe yanaingizwa katika mfumo mmoja wa uhasibu. Kwa miji mingi, hiyo ndiyo kazi inayopaswa kutangulia.