Safari ya Siku Moja Bujora Kutoka Mwanza: Inastahili Hela Yako?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nazungumzia safari ya siku moja kwenda Bujora, ile misheni ya zamani iliyokaa juu ya mawe pale Kisesa, yenye kanisa la duara na Makumbusho ya Wasukuma. Hapa Mwanza safari hii inauzwa hotelini, inauzwa mitandaoni, hata dereva wa bajaji ukimuuliza atakutajia bei. Mimi nimekwenda mara mbili ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza nilinunua safari kamili: gari, mwongozaji wa mjini, chakula cha mchana. Mara ya pili nilipanda daladala na mama yangu mzazi. Zote mbili nimelipa kutoka mfukoni mwangu, hakuna aliyenidhamini.

Jibu nawapa mapema, mwenye haraka aende zake. Bujora yenyewe inastahili siku yako nzima. Safari niliyonunua haikustahili hela yangu. Na kilichoziharibu au kuzitengeneza safari zangu mbili ni kitu kimoja: muda aliopewa yule mzee anayewapokea wageni kule juu.

Tuanze na ile ya kulipia. Tulikubaliana nichukuliwe saa mbili asubuhi. Gari lilifika saa nne kasoro, tukazunguka mjini kuchukua wageni wengine, kisha tukasimamishwa kwenye duka la vinyago ambalo halikuwa kwenye makubaliano. Tumefika Bujora saa tano na nusu, jua limeshakuwa kali, tunaambiwa tuna dakika arobaini na tano. Mwongozaji tuliyekuja naye ni kijana mstaarabu, sina neno naye, lakini alikuwa anatusomea mabango. Bango na mimi nalisoma. Mzee wa makumbusho akaanza kutueleza, watu wakaanza kusogea karibu kumsikiliza, na tulipofika nyumba ya pili honi ikapigwa nje. Kanisani hatukuingia kabisa. Tumepigia picha mlangoni, tukaondoka. Chakula kilikuwa sato wa kukaanga na ugali, umeshapoa.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nilipomsimulia mama akaniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, ngoma ulizisikia?" Sikuzisikia. Nilikuwa nimeziona tu.

Ndiyo maana tukarudi.

Kwa anayetaka kujiendea mwenyewe, ni rahisi. Panda daladala ya Kisesa, inashika barabara ya Musoma, unapita Buzuruga, Nyakato, Igoma, unashuka Kisesa. Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 20. Hapo Kisesa bodaboda wamejaa, ukisema Bujora hakuna asiyepajua. Ukiwa na miguu mizuri unaweza kutembea, ila nenda asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa sababu yale mawe yakishapata moto yanaurudisha kwako. Vaa viatu vinavyoshika. Mama alivaa sandali na nilimshika mkono sehemu mbili tatu.

Mtu wa Mwanza hashangai mawe, tumezaliwa nayo, tumejenga juu yake. Lakini Bujora mawe yamewekwa kama uzio. Unapanda katikati ya majabali ya rangi ya majivu, kelele za barabarani zinabaki nyuma, halafu mbele yako panafunguka uwanja wenye nyumba za duara.

Tulipofika mama akasalimia, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Yule mzee akageuka, akaitikia, na kuanzia hapo mimi nikawa msikilizaji tu. Mama yangu amekaa mjini miaka mingi, nyumbani tunaongea Kiswahili, Kisukuma chake kinatoka akiwa na dada zake. Siku hiyo kilitoka chote. Mzee akiona nimeachwa nyuma ananitafsiria, "mwanangu, hapa mama anasema hivi." Hicho ni kitu ambacho mwongozaji wa kusoma mabango hawezi kukupa hata umlipe mara tatu.

Sasa historia kidogo, maana bila hiyo utaona nyumba tu. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika pwani ya ziwa letu, Kageye, mwishoni mwa mwaka huo huo. Bujora ni ya baadaye sana. Aliyeianzisha ni padri wa shirika hilo hilo, David Clement, Mkanada kutoka Québec, aliyefika Bujora miaka ya 1950. Padri huyu aliwakusanya wazee, akawauliza habari zao, akaweka pamoja vitu vyao. Na kanisa likajengwa mwaka 1958, la duara, kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma.

Huo mwaka usiupite haraka. Mwaka 1958 misa ilikuwa bado inasomwa kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ule uliofungulia lugha zetu mlango wa kuingia altareni, ulianza 1962. Ngoma kwa Wakristo wengi wa wakati ule ilikuwa kitu cha kuacha nje, cha wapagani. Halafu hapa juu ya mawe ya Kisesa kuna padri anajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya bibi yako. Mama alipoingia alikaa kwenye benchi, akatazama juu kwenye paa, hakusema kitu kwa muda mrefu. Mimi nikazima kamera. Kwa hiyo sehemu hiyo hamtaiona, mtanisamehe.

Ndani ya kanisa kuna utulivu ambao sijui niufananishe na nini. Ukuta ukiwa wa mviringo sauti haina pa kukimbilia, ukikohoa unajisikia. Kama wewe si Mkatoliki, au si Mkristo, usiogope kuingia. Uliza, utaruhusiwa, vua kofia, ongea polepole.

Tuje kwenye makumbusho. Kila nyumba ina habari yake. Kuna ya mganga, kuna ya mhunzi, kuna mji wa Kisukuma ulivyokuwa. Kwenye ya mhunzi tulikaa kidogo: hapo unaelezwa habari za Warongo, mafundi chuma waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Jembe lile halikuwa la kulimia tu, lilitolewa hata mahari. Nyingine niliipita haraka, nisiwadanganye.

Nyumba iliyonishika ni ya ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Yenyewe imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani unaingia ndani ya kiti. Mzee akatuambia neno mtemi linatokana na kutema, kukata. Mtemi ni aliyekata pori watu wakapata pa kukaa, na ni anayekata shauri watu wakigombana. Na alibeba mvua shingoni mwake: mvua ikigoma, lawama ni zake, na angeweza kuondolewa. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa nchi nzima. Fikiria basi ngoma za kitemi, viti, mavazi, vingekwenda wapi? Vingine vingeliwa na mchwa, vingine vingeuzwa kwa watalii. Hapa vipo.

Ngoma zimepangwa kwenye kivuli, kubwa na ndogo. Nilisogea kwenye moja hadi pua ikakaribia ngozi. Katikati ngozi imekuwa nyeusi na laini, inang'aa kidogo, kama kiti cha baiskeli ya zamani. Ukingoni bado ina vinyoya vya mnyama. Yaani unaona kabisa mahali ambapo mikono imepita, na mahali ambapo haikupita. Mzee akamwangalia mama, kama anayeomba ruhusa, halafu akaipiga moja kwa kiganja, si kwa nguvu. Mara tatu. Sauti yake haikuja masikioni kwanza, ilikuja hapa, kifuani. Akasema hizi hazijastaafu, zinapigwa bado kwenye sikukuu za kanisa na wageni wakubwa wa serikali wakija.

Kuna na habari za ngoma za mashindano. Karne ya 19 walikuwepo waganga wawili mahodari, Ngika na Gumha, na kutoka kwao yakazaliwa makundi mawili: Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno makundi yanapiga ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Miguu ya watazamaji ndiyo inapiga kura. Ndiyo maana kila upande una dawa zake za kuvuta watu, na mbinu zake: hawa wanakuja na bugobogobo, ngoma ya majembe, wanayarusha na kuyadaka, wale wanakuja na chatu shingoni. Mama alikatiza hapo, akasema, "Baba yangu alikuwa Bagalu." Miaka yote hii sijawahi kumsikia akilisema hilo. Mzee akacheka, akampa mkono upya, kama ndiyo kwanza amefika.

Tulimalizia kwenye ukuta unaoonyesha jinsi watu wa rika tofauti walivyokuwa wakihesabu moja hadi kumi, kila rika na maneno yake. Mama alisimama pale akihesabu kwa vidole, anakosea, anarudia. Ukija na mzee wa nyumbani kwenu, mfikishe kwenye huo ukuta na usimharakishe.

Tulitumia saa tatu na nusu, na bado tuliondoka hatujamaliza.

Upungufu upo na nausema. Maelezo ya maandishi kwenye baadhi ya vitu ni machache au yamefifia, kwa hiyo bila mtu wa kukueleza utatoka mikono mitupu. Vumbi lipo. Chakula usitegemee kukipata pale juu bila kupanga, sisi tulibeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maji, tukala chini ya mti. Na kucheza ngoma hakupo kila siku. Ukitaka kuona wachezaji, ni lazima upange nao mapema na uwalipe, au uje mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sherehe inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi. Bulabo maana yake ni maua. Hapo unakuta maandamano ya Ekaristi Takatifu na mashindano ya ngoma kwenye uwanja huo huo, jambo ambalo ukilisikia kwa mbali unaweza kudhani haliwezekani.

Kwa mgeni kutoka nje, au mtu mwenye watoto wadogo, au mzee asiyeweza daladala, gari la kukodi lina maana. Ila kabla hujatoa hata shilingi, muulize anayekuuzia maswali haya: tutakaa Bujora kwa muda gani? Kanisani tutaingia? Mwongozaji wa pale pale malipo yake yamo kwenye bei, au nitamlipa mimi? Akijibu "tutaona huko huko," tafuta mwingine. Na umwambie maduka ya vinyago yabaki kwa siku nyingine. Kwa sisi wenyeji, nauli ya daladala na bodaboda inatosha, hela iliyobaki mpe yule mzee. Anaifanyia kazi.

Mkienda, salimieni kwa Kisukuma hata kama ni neno hilo moja. Mchana ni "mwadila." Mkiondoka semeni "wabeja," yaani asante.

Mama ameshaniambia mwezi wa sita tunarudi, na safari hii anakuja na dada zake wawili, kwa hiyo natafuta gari lenye ngazi ya chini. Anayelijua aniandikie hapo chini. Sasa nawawekea yale mapigo matatu ya ngoma niliyoyarekodi kwa simu. Sijaweka muziki juu yake. Vaeni spika za masikioni.