Surströmming, samaki wa kopo wa Uswidi: uzoefu wangu

Nianze na wanaouliza kama ni kweli inanuka. Inanuka. Nimekulia Tanga, jirani na wanaoanika papa, nikadhani mimi na shombo tumeshazoeana. Kopo hili lilinitia adabu.

Kwa asiyejua, hawa ni heringi wadogo wa Bahari ya Baltiki. Huvuliwa mwezi wa nne na wa tano, wanapokaribia kutaga, wakakatwa vichwa na kutiwa kwenye mapipa ya maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ya kubania: inatosha kumzuia samaki asioze, haitoshi kumzuia asichache. Baadaye anatiwa kwenye makopo, na humo anaendelea kuchacha, ndiyo maana kopo linavimba juu na chini. Kopo la maharage likivimba hivyo ungelitupa. Mwaka 2006 Air France na British Airways waliyapiga marufuku kwenye ndege zao, kwa hoja kwamba yanaweza kulipuka.

Msimu wake unafunguliwa Alhamisi ya tatu ya Agosti. Zamani ilikuwa sheria kutouza mapya kabla ya siku hiyo. Sheria ilifutwa 1998, lakini watu wa huku Ångermanland, kaskazini mwa Uswidi, nilikoolewa, bado wanaishika.

Kufungua ni kazi ya baba mkwe. (Huku hata mkwe huitwa kwa jina lake tupu. Mdomo wangu umekataa, namwita Baba.) Meza inatolewa nje, mbali na madirisha. Analizamisha kopo kwenye ndoo ya maji, analiinamisha, anatoboa tundu dogo. Psssss! Mapovu yanapanda, na harufu inakuja kwa zamu: mayai viza, kisha samli iliyoharibika, mwisho siki. Nzi walifika kabla ya wageni.

"Baba, huyu samaki amekufa mara mbili," nikamwambia.

"Ya pili ndiyo inayompa utamu," akajibu, wala hakugeuka.

Sasa kula. Wale wa kwenye video wanaomtia samaki mzima mdomoni halafu wanatapika mbele ya kamera wanajitesa bure, hakuna mwenyeji anayekula hivyo. Unachukua tunnbröd, mkate mwembamba wa kaskazini, unaupaka siagi bila uchoyo. Unapanga viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, vile vidogo vyembamba wanavyoviita mandelpotatis, na vitunguu vilivyokatwakatwa. Samaki unampasua tumbo, unatoa uchafu, unavuta uti wa mgongo unatoka mzima na miiba yake. Mnofu unaweka kidogo tu, umetawanywa. Juu malai chachu, kisha unafunika na kung'ata.

Na hapo ndipo niliposhangaa, maana ladha haina undugu na harufu. Ni chumvi kali, uchachu, halafu utamu mzito wa samaki unaokaa ulimini muda mrefu, huku siagi na viazi vikiupoza. Aliyezoea ng'onda kwenye mchuzi wa nazi atafika mbali. Mimi niliomba mkate wa pili, na mama mkwe akawatangazia wageni wote.

Kasoro zipo. Mikono hunuka mpaka kesho yake, sabuni haifui dafu. Ndimu inasaidia kidogo. Nguo zifuliwe siku ileile. Ukikaa ghorofani usijaribu kufungulia kibarazani, utahamishwa. Na wajawazito wawe waangalifu: heringi wa Baltiki ana dioksini, aina ya sumu, na mamlaka ya chakula ya Uswidi inawashauri wasizidishe mara mbili au tatu kwa mwaka.

Nampa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya nzi.

Kilichonishinda Uswidi si samaki huyu. Ni zile pipi nyeusi za likorisi (mzizi mtamu) zenye kloridi ya amonia, aina ya chumvi, ambazo watoto wadogo wanazimumunya huku wakicheka. Yangu niliitemea kwenye leso mbele ya mama mkwe, akaniuliza kama naumwa.