Buti nyepesi za kuwindia: misimu miwili miguuni mwangu

Mzani wa jikoni ndio ulioniingiza katika habari hii. Nilikuwa nimerudi kutoka siku tatu za kusaka mlimani, magoti yananiuma kuliko bega lililobeba bunduki, nikataka kujua nilikuwa naburuta nini miguuni. Nikaweka buti moja mzanini: gramu 940. Pea nzima inakaribia kilo mbili, na hapo zimekauka kabisa. Mwenye mzani hakufurahi kukuta tope juu ya chombo chake, lakini hilo tulilimaliza nyumbani.

Zilikuwa buti za ngozi nzito, soli imeshonwa, chuma ndani. Nilizipenda na bado nazipenda. Ila ukishaanza kupiga hesabu, mapenzi hupungua. Kilomita 15 kwa siku ni hatua kama elfu ishirini, yaani kila mguu unanyanyuliwa mara elfu kumi. Pea niliyoinunua baadaye ina gramu 570 kwa buti moja, tofauti ya gramu 370. Zidisha kwa elfu kumi: mguu mmoja tu umepunguziwa kunyanyua tani 3.7 kwa siku moja. Watafiti wa jeshi la Marekani wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1960, na walichokuta ni kwamba uzito ukiwa miguuni hugharimu nguvu mara nne hadi sita kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Kwa hiyo gramu 740 nilizozitoa miguuni ni kama kutoa kilo tatu na zaidi kwenye mkoba. Hakuna kitu kingine katika vifaa vyangu ningeweza kukipunguza nikapata faida kama hiyo.

Jina la kampuni naliacha. Aina hizi hubadilishwa mara kwa mara, na buti utakayoikuta mwakani ikiwa na jina lilelile huenda ikawa nyingine kabisa. Nieleze tu zilivyo: mwili wa kitambaa cha nailoni wenye vipande vya ngozi ya swedi, utando wa kuzuia maji ndani yake, soli ya kati ya EVA (povu jepesi la plastiki), soli ya nje ya raba yenye meno ya kina cha kadiri, na shingo ya inchi 8.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba wepesi hautoki hewani. Kuna kitu kimetolewa. Kwenye pea yangu vimetolewa vinne: ngozi nene imebadilishwa kwa kitambaa, bamba la chuma katikati ya soli limebadilishwa kwa nailoni, povu zito limebadilishwa kwa povu jepesi, na ushonaji wa soli umebadilishwa kwa gundi. Muuzaji atakuambia kilichoongezwa. Wewe muulize kilichopunguzwa, maana ndicho utakachokutana nacho ukiwa mbali na gari.

Msituni buti hizi ni raha tupu, sina neno lingine. Soli laini inakuwezesha kukisikia kijiti chini ya wayo kabla hujakivunja, ukaunyanyua mguu taratibu na kuuweka pengine. Kwa mtu anayenyatia, hilo ni jambo kubwa kuliko meno ya soli wala kuzuia maji. Kwa buti zangu za zamani nilikuwa nakisikia kijiti kikishalia, na mnyama amekisikia pamoja nami. Mwenzangu mmoja tuliyezoea kutoka pamoja aliniambia baada ya asubuhi ya kwanza, "Leo kaka nimekugeukia mara mbili kuona kama bado uko nyuma." Sijawahi kusifiwa hivyo nikiwa na zile nzito.

Lakini kelele ina mlango mwingine. Kitambaa cha nailoni kikiwa kipya ni kigumu, na kila kikikwaruzana na nyasi kavu au kichaka kinatoa sauti ya karatasi inayosuguliwa. Hili sikulifikiria dukani hata kidogo. Baada ya mwezi kililainika, lakini mpaka leo sehemu zilizofunikwa swedi hupita kimya kuliko sehemu za kitambaa tupu. Ningekuwa nachagua upya, ningepitisha ukucha juu ya buti pale pale dukani na kusikiliza. Jaribio la sekunde mbili.

Mawe ndiyo yaliyonionyesha upande wa pili. Ukitembea kwenye njia iliyonyooka yenye changarawe hakuna tatizo. Shida ni kukata ubavu wa mlima, mguu mmoja juu mwingine chini, kwa saa nzima. Pale soli laini inajipinda kufuata mteremko, wayo unalalia upande, na kazi iliyokuwa ifanywe na bamba la chuma inafanywa na misuli ya kifundo. Kufikia saa ya nne ya kutembea nilikuwa nalihisi kila jiwe lenye ncha. Siku tuliyofanikiwa, nikabeba robo ya windo mgongoni, kilo kama 25 hivi, nikashuka nayo kwenye mawe yaliyolegea, ndipo nilipozikumbuka buti zangu za ngozi kwa huzuni. Mguu uliobeba mzigo unaibana soli, na soli iliyobanwa haina tena cha kukukinga. Kwa hiyo kama kuwinda kwako ni kwa milima ya mawe na kurudi na mzigo mzito, usinisikilize habari za gramu. Chukua soli ngumu, uzito uuvumilie.

Jaribio la kupima ugumu ni rahisi: shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje. Kisha usokote kama unakamua nguo. Buti inayokunjika kwa urahisi mbele, mahali vidole vinapojikunja, ni sawa. Inayosokoteka kama tambara ni ya msitu na tambarare tu. Yangu ilisokoteka, nikaona, nikanunua hata hivyo kwa sababu ya wepesi wake mkononi. Mkononi kila kitu chepesi kinapendeza.

Sasa maji, na hapa nina mengi ya kusema.

Utando wa ndani wa buti zangu ni wa plastiki iitwayo PTFE, iliyovutwa mpaka ikawa na vitundu visivyohesabika. Mmarekani Bob Gore aligundua namna ya kuivuta hivyo mwaka 1969, na kampuni ya familia yake, inayotengeneza utando wa Gore-Tex, inaeleza kwamba kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa kuliko chembe ya mvuke wa jasho. Ndiyo maana maji hayaingii na jasho, angalau kwa nadharia, linatoka. Kwenye umande wa alfajiri nadharia hiyo ilisimama imara: saa tatu kwenye nyasi za magotini, soksi kavu. Katika kijito cha kina cha kiganja, soksi kavu. Nikajiona nimepata kila nilichotaka.

Kisha nikavuka mto ambao maji yalifika juu ya shingo ya buti. Maji yakaingia kwa juu, na utando uleule uliokuwa unayazuia yasiingie sasa ukayazuia yasitoke. Nilitembea siku nzima na ndoo mbili miguuni. Nilipofika kambini nilizimwaga, nikazipima kwa mzani mdogo wa kuning'iniza ninaobeba kwa ajili ya nyama: gramu 790 kwa buti moja. Asubuhi iliyofuata zilikuwa 740. Wepesi wote nilioununua, zaidi ya nusu umerudi kwenye maji, na usiku mzima umetoa gramu 50 tu. Zilihitaji siku mbili kukauka sawasawa.

Siku hiyohiyo mwenzangu alikuwa na buti za kitambaa zisizo na utando hata kidogo. Maji yaliingia kila upande, yakatoka kila upande. Baada ya saa mbili za kutembea alikuwa ana unyevu tu, na kesho yake alivaa buti zilizokaribia kukauka. Nilimtazama sana. Tangu siku hiyo uzito ulioandikwa kwenye boksi hauniambii mengi. Nataka kujua buti ina uzito gani ikiwa imelowa, na inachukua muda gani kurudi hali yake. Palipo na umande na mvua nyepesi tu, utando unafaa. Palipo na mito ya kuvuka, au joto linalokutoa jasho la kujaza soksi, utando ni mzigo.

(Na tafadhali usizikaushe kando ya moto. Gundi hulegea, ngozi hukakamaa na kupasuka. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa, uziache penye upepo.)

Kwenye tope la kinamasi sina malalamiko makubwa. Meno yaliyoachana hujisafisha, yaliyosongamana hubeba tope, na tope nalo ni uzito. Yangu yako katikati, na kila baada ya hatua kadhaa nilipiga teke gogo kuyakung'uta, kitendo ambacho mtu anayenyatia hapaswi kukifanya.

Miiba ni habari nyingine. Kitambaa hakizuii mwiba mrefu, na povu la EVA halizuii mwiba ulioingia kati ya meno ya soli. Mmoja ulinifikia wayo. Sikuumia sana, lakini niliuchomoa kwa koleo nikikaa chini na buti mikononi, jua linazama. Wala usidhani kitambaa cha buti nyepesi kitazuia meno ya nyoka. Mahali penye nyoka wengi nafunga vikinga vya ugoko juu yake, na hapo gramu zinarudi tena.

Kosa langu kubwa halikuwa la kiwanda bali langu mwenyewe. Nilinunua saizi ninayovaa siku zote, asubuhi, nikiwa na soksi nyembamba. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kwenye mteremko vidole husogea mbele. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa mweusi baada ya wiki mbili, kisha ukaniaga. Jaribu buti jioni, ukiwa umevaa soksi utakazowindia, na kama kuna ngazi au ubao wa mteremko shuka ukikanyaga kwa nguvu. Kidole kikigusa mbele, rudisha. Ikiwa kisigino ndicho kinachopanda na kushuka, zungusha kamba mara mbili badala ya moja pale kwenye kifundo kabla ya kupanda juu. Fundo hilo linashika sehemu ya chini isilegee, na liliniondolea malengelenge yote ya kisigino. Soksi ziwe za sufu ya kondoo wa merino. Pamba ikilowa inabaki imelowa na kusugua ngozi.

Kuna namba moja inayowachanganya wanunuzi, na mimi nilichanganyikiwa nayo. Ukiona "gramu 400" kwenye buti ya baridi, huo si uzito wa buti. Ni uzito wa sufi ya joto, yaani kijazio cha kuhifadhi joto ndani ya buti, kwa kila mita ya mraba. Mtu anayekaa juu ya mti akisubiri kwenye baridi kali anaihitaji. Mtu anayetembea siku nzima ataloa jasho na mwisho wake atahisi baridi zaidi. Mimi natembea, kwa hiyo nilichukua zisizo na sufi yoyote na sikujuta.

Kuhusu kudumu, niseme ukweli. Msimu wa kwanza uliisha zikiwa safi, isipokuwa nyuzi chache zilizokatika mahali kitambaa kinapojikunja. Katikati ya msimu wa pili povu la kisigino lilikuwa limebonyea, nikaanza kuisikia ardhi kuliko mwanzo. Mwishoni soli ya kulia ilifumuka mbele, ikawa inafungua mdomo kila hatua. Fundi viatu aliibandika vizuri, lakini aliniambia wazi kwamba hawezi kuweka soli mpya kama anavyofanya kwenye buti za kushonwa. Zikiisha zimeisha. Povu zito la poliurethani lingedumu zaidi kwa kutembea, ingawa nalo lina ugonjwa wake: likikaa miaka mingi kabatini unyevu wa hewani hulioza. Niliwahi kutoa pea ya zamani iliyoonekana mpya, nikapiga hatua kumi, soli ikameguka kama udongo mkavu.

Je, nimeridhika? Kwa siku saba kati ya kumi ninazotoka, ndiyo, sana. Magoti yamenyamaza, na saa ya mwisho kabla ya giza, ambayo zamani niliitumia kutafuta pa kukaa, sasa bado natembea. Siku tatu zilizobaki navaa zile za gramu 940, ambazo ziko mlangoni na hazina kinyongo. Na pea nyingine nimeshaiagiza: soli ngumu kidogo, swedi nyingi kuliko kitambaa, nusu saizi zaidi, bila utando.